Nilimsomea mama mkwe riwaya ya kwao Matsangoni, nikafika ukurasa wa balaa

Wakuu, kwema huko? Mimi niko Kibarani, Kilifi, na haya yametokea sebuleni kwangu. Mkiona chumvi, ni ya kukolezea tu. Nyama yenyewe ni ya kweli.

Wanaonijua humu wanajua nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, nikiwa na ndevu na watoto. Nilisoma mpaka mbu wa darasa lile wangeweza kufanya mtihani wakapasi. Tangu hapo, riwaya ndio ulevi wangu.

Sasa, mama mkwe wangu alitolewa mtoto wa jicho. Daktari akamwonya: kwa wiki kadhaa asiiname, asibebe mzigo, asiguse jembe, la sivyo jicho litaharibika. Mke wangu Dama akamleta kwetu tumwangalie.

Shida, mvua zilikuwa zimeanza. Akisikia ngurumo tu, anatafuta leso yake.

"Baba Karisa, nipeleke kwangu. Mahindi hayajipandi."

Kila asubuhi mfuko wake uko mlangoni, umefungwa. Dama anatoka kwenda kazini, mimi fundi cherehani nabaki kumlinda mkwe asitoroke. Nimembembeleza mpaka koo limekauka.

Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikamwambia, "Mama, nina riwaya hapa. Mambo yake yako Matsangoni."

Akanigeukia. "Matsangoni ipi?"

"Ya kwenu."

"Kaiandika mtoto wa nani?"

Sikujua. Nikaanza kusoma.

Wakuu, sijaona msikilizaji kama yule. Mwandishi akitaja njia ya kwenda Gede, mama anaongeza nyumba ambazo mwandishi kazisahau, hadi mbwa wa nyumba hizo. Nikafika mahali msichana wa hadithi, Mbeyu, anamngoja mpenzi wake ufukweni huku jua likizama baharini.

"Simama hapo," akasema. "Jua lizame baharini? Kwetu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Jua letu latoka baharini, lazama kule msituni. Huyo alikuwa amesimama kichwa chini?"

Kitabu nimekisoma mara mia, na hapa naishi, na sikuwahi kuliona hilo! Nilirudi kwenye cherehani bado nacheka, nikashona mkono wa shati kwenye mfuko wa suruali.

Basi mfuko ukahama mlangoni. Nikimaliza kazi tu, swali ni moja: "Mbeyu amefika wapi?" Nikajipongeza. Jicho limepata mlinzi.

Halafu Jumapili moja nikafika ukurasa wenyewe, ambao kwa raha ya kusikilizwa nilikuwa nimeusahau kabisa. Mbeyu na kijana wake wameingia chumba cha hoteli Watamu, na mwandishi hakufunga mlango.

Watu wa Pwani mnanielewa. Mbele ya mkwe hata neno kitanda unalizunguka. Nikisoma, nihame kaunti. Nikifunga kitabu, mfuko unarudi mlangoni na jicho linaenda shambani. Jasho likanitoka ndoo nzima.

Nikaamua kubuni laivu.

"Wakaingia ndani... wakaletewa samaki. Wakala. Wakaletewa mwingine." Huku nafunua kurasa. Nikawalisha wale watu mpaka bahari ya Watamu ikabaki maji matupu.

Mama mkwe akasema, "Wapenda samaki, watu hawa."

"Sana, mama."

Nikavuka salama. Nikaanza sura mpya kwa sauti ya ushindi, na kabla sijajizuia nikawa nimeshaisoma: Mbeyu ana mimba.

"Mimba?"

"Ndiyo, mama."

"Ya samaki?"

Jikoni Dama akaangusha sufuria kwa kicheko. Mimi nilitamani kuingia kwenye droo ya cherehani.

Yeye hakucheka. Akajipanga vizuri kitini. "Endelea. Sasa siondoki mpaka nijue huyo mtoto atalelewa na nani."

Tangu siku ile nikasoma polepole kama mtu anayekula muwa wa mwisho. Riwaya ilikwisha, tukazirudia sehemu alizozipenda, mpaka daktari akaliangalia jicho na kusema limepona.

Siku ya kuondoka, mfuko uko mlangoni, kwa haki safari hii. Akanyoosha mkono. "Nipe kitabu."

"Mama, na nani atakusomea?"

Maana miaka yote nimemjua na jembe, sikuwahi kuuliza kama anajua kusoma. Akatoa miwani kwenye pindo la leso.

"Baba Karisa, mimi ndiye msomaji wa Biblia kanisani kwetu tangu mkeo hajazaliwa. Daktari alinikataza na kusoma. Hakunikataza kujua."

Nikampa. Ningefanyaje?

Nilichojifunza: kitabu cha mahali kisome mbele ya mwenyeji wa hapo, utaona mengi ambayo peke yako uliyapita mbio. Ila kabla hujafungua mdomo, pitia kurasa zote na uhesabu wakwe waliopo.

Juzi simu ikalia kutoka Matsangoni. Shikamoo yangu haikujibiwa.

"Baba Karisa, nimefika kwenye samaki."

Akakata.

Wakuu, harusi ya shemeji iko huko mwezi ujao na lazima niende. Nitaingia na uso gani? Na wewe uliyesoma kitabu cha mtaani kwenu, jua lilizamia wapi? Tiririkeni hapo chini, nasoma zote. Siruki.