Kifuko Kilichoshonwa Pande Zote

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa wakazi wa Kangemi, River Road na kila mtaa ulioko katikati, kwamba Ustadh Mbarak hakufa. Waliokwisha kuanza kumsifu wanaombwa kuacha mara moja. Waliosema ni mganga nao waache, tena waanze wao.

Ustadh alikuwa mtu wa Mombasa aliyeletwa Nairobi na kazi ya kusomesha watoto Kurani. Jengo la kuwasomeshea hakuwa nalo. Watoto wenyewe walikuwa wametawanyika mji mzima, naye akawafuata kwa baiskeli: asubuhi River Road kwenye nyumba za wafanyabiashara, mchana kwa karani mmoja karibu na Adams Arcade, jioni akapanda kurudi Kangemi kwa mkewe Zainab na binti yao Mishi. Kanzu aliipandisha akaifunga kiunoni juu ya suruali, kofia ikabaki kichwani hata upepo ufanye nini. Barabara nzima ilimjua kwa mgongo. Kwa jina hakuna aliyemjua.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuosha maiti. Watu wa pwani waliofia huku juu kwenye baridi waliangukia mikononi mwake. Aliwaosha, akawavisha sanda, wakaswaliwa na kuzikwa siku ile ile ikiwezekana. Akafanya hivyo miaka mingi bila kukosa, mpaka alipomkosa Jabir.

Jabir aliuza kahawa, naye pia alikuwa mtu wa baiskeli. Gari lilimgonga barabara ya Ngong akiwa peke yake. Kitambulisho kilikuwa ndani ya koti, na koti likaondoka na msamaria fulani kabla polisi hawajafika. Bila koti, Jabir akawa hana jina. Akalala mochari, akangoja wa kumdai, hakuna aliyekuja, akazikwa pamoja na wenzake wasio na majina. Ustadh alipopata habari alikwenda makaburini na sanda, sabuni na kafuri. Akaonyeshwa tuta moja refu.

"Yuko wapi humu?" akauliza.

"Humu humu, mzee," mchimbaji akamjibu.

Ustadh akasimama pale na vitu vyake mkononi mpaka mvua ikamfukuza.

Tangu siku ile alikuwa na hofu moja. Kifo hakikumtisha, alikuwa amekishika kwa mikono yake mara nyingi mno. Hofu yake ilikuwa kuwekwa chini bila kuoshwa, na Zainab kukaa Kangemi akingoja mlango ugongwe, asijue kama bado ni mke wa mtu au anapaswa kukaa eda.

Akaandika karatasi. Jina lake, dini yake, na mahali anapokaa mkewe, nyuma ya soko la Kangemi. Simu nyumbani haikuwepo, kwa hiyo akaenda River Road kumwomba Chunilal, muuza misumari na mabati, ambaye simu yake ililia kutwa.

"Ustadh, mimi Mhindu," Chunilal akasema. "Mtu anapiga simu, anasema Mbarak amekufa. Mimi nafanya nini?"

"Unampelekea habari Mama Mishi."

"Na kama hujakufa?"

"Unampelekea vilevile."

"Basi andika namba," Chunilal akasema, "lakini usife Jumamosi. Jumamosi duka linajaa."

Mfukoni karatasi isingekaa salama. Jabir alikuwa ameshamfundisha habari ya mifuko. Akaipeleka pamoja na kitambulisho kwa Gichuru, fundi wa viatu, amshonee kifuko cha ngozi cha kuvaa shingoni. Gichuru akaweka sindano chini. Enzi za mkoloni alikuwa ametembea na kipande, kitambulisho cha kulazimishwa, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati.

"Shingoni sishoni, mwalimu. Shingo ya mtu haifungwi tena. Lete mkono."

Akamshonea kifuko cheusi cha kufunga juu ya kiwiko. Kwa kuwa Kangemi kuna mvua, akakishona pande zote nne, tone lisipite.

Msomaji wa pwani ameshaona balaa. Gichuru hakuwahi kuona hirizi maishani mwake. Ustadh naye alizichukia hirizi kiasi cha kutotaka hata kuzitazama. Aliwahi kumvua mtoto mmoja hirizi mbele ya mama yake na kumhubiria mama mpaka chai ikapoa. Zainab peke yake ndiye aliyekuwa na macho.

"Baba Mishi, hiyo ni hirizi."

"Si hirizi. Ni karatasi ndani ya ngozi."

"Na hirizi ni nini?"

Ustadh akafikiri. "Ni karatasi ndani ya ngozi. Lakini hii ni ya serikali."

Mwaka wa sabini na moja, jioni ya mvua, lori lilimpitia karibu mno alipokuwa akikaribia Kangemi, naye akatupwa mtaroni na baiskeli yake. Watu wa sokoni wakamtoa, kichwa kinavuja damu, hajitambui. Askari akafika, akapapasa mifuko. Ilikuwa mitupu, msamaria mwingine alikuwa ameshatangulia. Halafu mkono wa kanzu ukapanda.

"Ala! Tazameni mkononi!"

"Usiguse hiyo!"

"Labda ni ya kuzuia ajali."

"Basi akairudishe alikoinunua."

"Fungueni tujue ni nani," askari akaamuru.

"Fungua wewe, afande."

"Mimi nina watoto," akasema askari, na upelelezi ukaishia hapo.

Hospitali wakamfunga kichwa, wakaandika kwamba ni mwanamume asiyejulikana. Sista Rael alimvua kanzu yote iliyolowa, ila kifuko alikizunguka kwa pamba kama kidonda. Mgonjwa alipoanza kunung'unika aya za Kurani, wodi nzima ikaamini anaita majini. Jirani wa kushoto akaomba kuhamishwa. Wa kulia, Mwololo, mwenye mguu uliokataa kupona, akaomba asogezwe karibu.

Zainab hakulala usiku ule, wala uliofuata. Alikwenda River Road, akamkuta Chunilal amekaa ubavuni mwa simu, amekataza mtu yeyote kuigusa tangu Ustadh alipokosa kuja kusomesha. Haikuwa imelia. Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Chunilal akawatoa wateja nje, akafunga, akamtia Zainab kwenye gari.

"Tuanzie wapi, Mama Mishi?"

"Mochari," akasema.

Akaingia peke yake. Akafunuliwa nyuso za watu, moja baada ya nyingine, na kila aliyekuwa si mumewe alimwombea, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwombea. Alipotoka alitikisa kichwa tu, na Chunilal akawasha gari.

Hospitalini Sista Rael akasema hana Mbarak. "Tuna mganga tu, yule wa hirizi."

"Nipeleke kwa huyo mganga," Zainab akasema.

Alimwona, akamshika mguu kwanza, ukawa na joto. Kisha akaomba wembe. Wagonjwa wakajifunika mashuka. Akakata nyuzi za Gichuru, moja baada ya nyingine, zikamchukua muda. Akatoa kitambulisho, akaukunjua ule waraka na kusoma kwa sauti ili sista aandike. Jina. Dini. Namba ya Chunilal. Na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo: *Tafadhali mke wangu aambiwe taratibu.*

Sista Rael akamletea kiti.

Ustadh alirudi barabarani baada ya mfungo kupita, na kofia ile ile. Siku ya kwanza alipofika River Road sisi watu wa mtaa tulimzunguka mbele ya duka la Chunilal, tukamuuliza kwa unyenyekevu: mtu aliyefika ukingoni mwa kaburi na kurudishwa, amejifunza nini kuhusu binadamu na woga wake?

Akapandisha mkono wa kanzu, akatuonyesha kifuko, upande mmoja haukushonwa tena.

"Nimeweka kifungo," akasema.