Lwaboshi na Kadena ya Mjigo

"Muzee, we unapenda bantu ba nje kuliko sisi," Dévote alisema. Alikuwa amekalia bidon yake, dumu tupu ya maji, kama kiti. "Jana saa saba nimekuja hapa, nakuta bamama kumi ba kijiji ya ng'ambo banapompa. We umeketi, unabaangalia tu. Zamu yangu kufika, mjigo ikatoa hewa. Batoto bangu balikula nsima kavu hivi, bila maji ya kunywa. Ile kadena ilinunuliwa ya nini?"

Lwaboshi akagusa mufuko ya suruali. Kadena, kufuli ya komite, ilikuwa mule ndani, wiki mbili sasa, ingali na mafuta ya dukani. Mjigo njo vile Bamalawi banaita pompe ya mukono, na hii ya upande wao wa Dzaleka, kambi ya bakimbizi, yeye njo mulinzi wake. Anakaza bulo na nati zake, anapaka grisi, anapanga foleni. Na kila asubuhi, kabla mutu kushika mukono ya mjigo, anapiga magoti, anaweka sikio kwenye chuma. Batoto banasema muzee anasalimia bantu ba chini. Anabaacha baseme.

Ntahomvukiye, prezida wa komite ya maji, alikuwa Murundi wa maneno machache. Asubuhi hiyo alifika kwa foleni na mnyororo begani, Dévote angali anasema.

"Mwezi wa kumi huu, maji imeshuka," akasema. "Tulikubaliana. Saa sita tunafunga, saa tisa tunafungua, maji ipate kupanda. Ba nje bangoje ba ndani bamalize. Funga sasa kidogo, mbele yetu, tuone unakubali. Ukikataa, kazi inaenda kwa mwengine."

Lwaboshi akasimama. Kazi hiyo haikuwa na mushahara, lakini njo kitu moja tu iliyokuwa inamuamusha asubuhi. Vibarua vya ujenzi havikupatikana kila siku; bila mjigo angelala akiangalia mabati mpaka jioni. Akatoa kadena, akapitisha mnyororo, akaingiza chuma kwenye tundu. Ikabaki kubana tu. Vidole vikakataa.

"Bana muzee," Dévote akasema, "ata kufunga kadena nikufundishe?"

"Nilishafunga maji mara moja," Lwaboshi akasema.

Miaka yote mitatu ya Dzaleka, hakuna mutu alikuwa amesikia habari yake. Siku hiyo akaitoa, macho chini, mbele ya foleni nzima.

Kwao, katika milima ya Fizi, kulikuwa na mufereji ya mawe. Bapadri ba zamani njo balijengesha, lakini mawe ilipanda na migongo ya bababu. Maji ilitoka kwenye chemchem, ikapita juu ya korongo kwa matao saba, ikaingia misioni, ikajaza siterne, tangi kubwa ya mawe, kisha njo ikashuka mpaka fontene, bomba ya kijiji ya kuchotea. Pale kwa fontene mwenye kiu haulizwi baba yake nani. Familia mbili zenye kesi zilichota kwenye jiwe moja, kesi ikangoja barabarani. Baba yake Lwaboshi alilinda ule mufereji, na yeye akarizi kazi ile. Mahali inavuja alikuwa anapajua na sikio.

Mwaka wa tisini na nane basoda na bunduki zao bakaingia misioni. Vijana ba kijiji bakamufata: wewe mwenye maji, funga, kiu itabafukuza. Akapanda mulima, akashusha ubao wa kuzuia maji kwenye chemchem, akaziba na udongo na majani ya migomba. Akashuka kifua mbele, kama mwenye kushinda vita peke yake.

"Nikasahau siterne," akasema. "Mi mwenyewe, kila mwaka naingia ndani naisugua. Najua inashika maji ya mwezi muzima. Basoda balikuwa banaoga, mama. Fontene njo ilikauka."

Bamama bakaanza kushuka muto. Siku ya ine balishuka kumi na moja, na Solange, bibi yake wa ndoa, kati yao. Aliposikia masasi ya bunduki kule muto, Lwaboshi alikimbia. Hakukimbia muto. Alikimbia mulima, akang'oa ule ubao na makucha. Kichwa ilimuambia maji ikirudi, na bo batarudi.

"Maji ikanishinda mbio. Nimefika kwa fontene, nakuta inatiririka yenyewe. Bidon zingine, zile bamama baliacha, zimepangwa foleni, kila moja mahali pake. Nikangoja mpaka jua inazama. Hakuna mwenye alikuja kuchota."

Akaonyesha mjigo na kidevu.

"Hapa asubuhi sisikilizi maji," akasema. "Nasikiliza kama iko mutu ya siku ile anangoja."

"Na iko?" Dévote akauliza.

"Iko."

Claudette, wa mbele kabisa, bidon yake ilikuwa imefika nusu. Akaiinamisha polepole, akamwaga yote chini, akajitwika tupu, akaondoka kwenda mjigo ya upande mwengine. Mwengine akamufata. Kisha batatu.

Ntahomvukiye alibaangalia mpaka bakapotea. "Pole, muzee," akasema. "Lakini mutu mwenye kufatwa na bantu balikufa, siwezi kumuachia maji ya bantu. Utaona kesho, hakuna atakuja."

"Naelewa," Lwaboshi akasema. Akavua shingoni ufunguo ya kukazia bulo. Hakujua amupatie nani.

Dévote njo alinyoosha mukono.

"Lete. Na kadena sitaifunga. Saa sita mpaka saa tisa nitaketi hapa mwenyewe, maji ipumzike. Mwenye kutoka mbali achote bidon moja, si kumi."

"Ukichoka?" prezida akauliza.

"Nitachoka nikiwa nimekaa."

Ntahomvukiye akachukua kadena, akaitia mufukoni mwake. "Wiki moja. Tutaona."

Dévote akamugeukia muzee. "Lakini jana nilikuwa na haki."

"Ulikuwa na haki."

Dévote akasogea karibu, akashusha sauti. "Na hao bantu ba asubuhi... nibaambie nini?"

"Usibaambie kitu," Lwaboshi akasema. "Pompa."

Jua ilikuwa imeshapanda. Kule Kauma, mutaa ya Lilongwe, kibarua ya ukuta wa kupiga lipu ilikuwa inamungoja, na mwenye nyumba alisema asipofika leo ataita fundi mwengine. Lwaboshi akapangusa magoti, akaenda kutafuta kabaza, baisikeli ya kubeba bantu, ya kumufikisha barabarani kabla minibus ya Lilongwe kupita.