Bomba la Kuoshea Miguu

Siku ile nilikuwa nampeleka mwanangu Sengerema akaachishwe ziwa kwa bibi yake, na sikutaka. Naanza na hilo ili mtu asije kuniuliza baadaye hasira zilikuwa za nini. Mume wangu na mama yake walikubaliana kwenye simu, mimi niko jikoni napara samaki, nasikia kila kitu: mtoto wa kwanza ni wa bibi, ndivyo kwao kulivyo. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Aliyetumwa kumchukua ni wifi yangu. Mimi nimsindikize mpaka ng'ambo, halafu nirudi Kirumba mikono mitupu.

Asubuhi kabla ya kutoka wifi alinipaka shubiri kwenye chuchu, ili mtoto akionja alichukie ziwa mwenyewe. Sasa shubiri hupakwa umetulia nyumbani. Mtoto akilia unampa uji, unambeba, anasahau. Yeye alinipaka siku ya safari. Na mvua nayo ikaja.

Tulipofika gatini tukakuta ziwa limechafuka, kivuko kimesimama. Tukaambiwa tusubiri kwenye kibanda kinachovuja, labda saa moja, labda mpaka jioni. Mwanangu anavuta blauzi, anaonja, anatema, ananitazama kama nimemwibia. Uji kaukataa. Nakaa, nasimama, natembea, nakaa tena.

"Twende tukaone mahekalu ya Wahindi," wifi akasema. "Tangu niko darasa la pili napita nje tu. Ya zamani hayo."

"Mtoto analia, wewe unataka kutalii?"

"Kulia atalia hata hapa, wifi. Kule angalau hakuvuji."

La kwanza tulikuta geti limefungwa. Tukachungulia kuba lake likichuruzika maji, tukalowa bure. La pili lilikuwa wazi, na mama mzee wa Kihindi, mwangalizi wake, alikuwa anafagia maji barazani. Tukampa shikamoo.

"Marahaba. Viatu hapo, miguu pale bombani, halafu karibuni ndani."

Ndani kulikuwa na marumaru ya baridi, nguzo nene za mawe, harufu ya ubani. Wifi mdomo wazi.

"Hawa ndio Mabudha?" akaninong'oneza. Mzee akasikia.

"Mabudha ni wengine, binti. Sisi Wahindu. Mawe haya babu yangu aliyabeba."

Wifi akafurahi, akaanza kuuliza nguzo, sanamu, kengele. Mimi nawafuata nyuma, mtoto mgongoni, kilio chake kinagonga dari kinarudi. Nguzo zile ni nzuri kweli, ila siku ile sikuona hata moja sawasawa. Nikatoka barazani, nikarudi, nikatoka tena. Mzee akanifuata.

"Anaumwa?"

"Ana njaa, mama."

"Si umnyonyeshe?"

"Nimepakwa shubiri. Anapelekwa kwa bibi yake."

"Na wewe unataka?"

Mimi ni mtu wa kujibu. Shuleni nilichapwa kwa kujibu, kwa mume nimenuniwa kwa kujibu. Ila tangu ile simu hakuna aliyekuwa ameniuliza. Na mimi sikuwa nimesema. Nilikuwa nimebamiza masufuria tu.

"Sitaki," nikasema. Halafu: "Hili bomba ni la miguu tu?"

"Maji ni maji." Akaniletea kipande cha sabuni ya mche.

Nikageukia ukutani, nikasugua ziwa moja mpaka ngozi ikawaka. Shubiri haitoki kirahisi. Mwanangu akaonja, akakunja uso, akasita, akaonja tena. Akatulia.

Wifi akatokea mlangoni.

"Wee! Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie nimeosha."

"Na kaka je?"

"Kaka yako ana simu. Safari hii anipigie mimi."

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Ninacho."

Honi ya kivuko ikalia. Wifi akavaa kandambili zake bila kuniangalia. Mfuko wa nguo za mtoto alikuwa ameubeba yeye tangu nyumbani. Akautazama, akasonya, akauweka karibu yangu pale ambapo mvua haifiki, akajitanda khanga kichwani na kukimbia. Mimi nikabaki kwenye ngazi, peku, ziwa moja limeshanyonywa, la pili bado lina shubiri.