Macho ya Bwana Utamu

Kwa miaka kumi na minane Bwana Utamu ameonja mapishi ya watu kwenye runinga, na umaarufu wake wote umo machoni. Akitia kijiko mdomoni huyafumba, hutikisa kichwa taratibu, na watazamaji majumbani humeza mate. Uongo mtupu! Mwenyewe roho yake iko kwenye chai ya rangi na mkate mkavu, anaoutafuna katika chumba cha vipodozi, macho wazi kama samaki.

Jumapili moja mama yake alikuja kula naye na mkewe, runinga ikirudia kipindi chake. Mama mtu alicheka hadi akashika mbavu.

“Mkwe wangu, watu wanadanganyika! Huyu tangu mdogo akifumba macho, ujue chakula kimemshinda. Hata dawa ya minyoo aliimeza hivyohivyo.”

Mkewe hakucheka. Miaka kumi na miwili amewaringia majirani kwamba mumewe hula mchuzi wake macho kayafumba, kama yuko peponi. Akageuka polepole, akamtazama.

Bwana Utamu alikuwa amesikia kila neno. Aliyakodoa macho kwa nguvu zake zote, akapeleka kijiko cha mchuzi wa mkewe mdomoni, na kope zikashuka zenyewe.