Keki Iliyofika Tetu Nzima

Nilipokuwa mtoto wa kulala kitanda kimoja na cucu, niliamini kwamba panya wanajua mambo ya watu. Cucu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mama yake mama, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa amehamia kwetu Mukurwe-ini ili atunzwe. Tukimenya viazi, alipenda kuniambia kwamba mwanamke mja mzito akinusa chakula chako, umpe, hata kama ni kijiko kimoja. Ukimnyima, panya watakuja watafune nguo zako, na hawatachagua matambara. Watachagua ile unayoipenda.

"Na huo ni mwanzo tu," alikuwa akiongeza, kisha anaendelea kumenya viazi bila kusema mwisho wake ni nini.

Sijui kama hiyo ilikuwa imani ya Wagikuyu wote ama ya cucu peke yake. Sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Lakini mimi niliishika vile watoto hushika mambo, bila kuuliza.

Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Baba aliendesha gari la kukusanya maziwa. Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Nekesa, mke wa askari polisi, mzaliwa wa Bungoma. Mimi nilimwita anti. Kigikuyu kilimpita kushoto na kulia. Wanawake wakicheka pale mferejini, naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, na hata mimi niliona kwamba hakujua kilichochekwa. Mtu wake wa karibu alikuwa mama. Waliombana chumvi, waliombana kiberiti, walianikiana nguo. Desemba ile mumewe alikuwa amepelekwa kazi Kagio kwa sababu ya sikukuu, na yeye alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, ya kutembea ukishika ukuta.

Desemba hiyo hiyo mama alikuwa na jambo lake la moyoni, nalo lilikuwa keki.

Krismasi yetu ilikuwa ya kwenda Tetu, kwa kina baba. Mwaka uliotangulia mama alikuwa amepeleka keki iliyobonyea katikati, na shangazi yangu mkubwa akaiinua mbele ya watu wote akauliza, "Hii ni keki ama ni ugali imekaliwa?" Watu walicheka. Mama pia alicheka. Kisha akaenda kuosha vyombo, akaviosha hata vilivyokuwa safi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na sikusahau jinsi alivyokuwa akisugua.

Kwa hiyo mwaka huu alijiandaa. Alipima unga, akasaga sukari na majarini kwa mwiko mpaka mkono ukamuuma, akanipa mimi kukwangua ganda la limau. Hatukuwa na oveni. Mama aliweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaubandika kwenye jiko mpaka ukawa moto, akatumbukiza kopo la keki ndani yake, akafunika, kisha akapanga makaa mekundu juu ya kifuniko. Keki iliiva kwa moto wa chini na wa juu. Ilikuwa mwiko kufunua mapema. Ilikuwa mwiko kubamiza mlango au kuacha upepo uingie. Mlango ulifungwa, na sisi watatu tukakaa ndani tukinong'ona kana kwamba kuna mtoto aliyelala.

Harufu ilipoanza kutoka, ilitoka kweli kweli. Hakuna mlango unaoweza kuizuia harufu ya keki.

Ndipo tukasikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya Nekesa. Mama alikuwa amepiga magoti akipuliza majivu juu ya kifuniko. Aliacha kupuliza. Cucu akasema kwa Kigikuyu, polepole, "Huyo amenusa. Mpe."

"Nimpe nini, mama?" mama alinong'ona. "Haijaiva. Na hata ikiiva, niikate? Niende Tetu na keki imeumwa?"

"Mpe chochote. Asirudi hivyo."

Hodi ikaja tena. Mama alinitazama mimi. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa, na si uso wa mtu mchoyo. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, aliyebakisha kidogo tu afike.

"Mwambie mama hayuko."

Nilifungua mlango kidogo, nikasimama pale penye mwanya ili asione ndani. Nekesa alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa na leso kiunoni, na juu ya mdomo alikuwa na jasho.

"Mama yako ako?"

"Hayuko. Ameenda soko."

Soko nililiongeza mimi mwenyewe. Mama hakuwa ameniambia niseme soko.

"Atarudi saa ngapi?"

"Hakusema."

Alitazama juu ya kichwa changu, kule harufu ilikotoka. Nilidhani nimeyaona macho ya mtu anayetamani. Kichwa changu kilikuwa kimejaa maneno ya cucu, basi nikaona nilichoambiwa nitakiona.

"Sawa, mum," alisema, vile watu huwaita wasichana wadogo kwa upole. "Akirudi mwambie nilikuja."

Nilifunga mlango. Kwa muda hatukusikia hatua zake. Kisha ndara zake zikaanza kuburura, polepole, zikaenda.

"Nitamletea kipande kutoka Tetu," mama alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Kikubwa."

Cucu aliendelea kuusikilizia mlango.

Keki ilitoka nzima. Ilikuwa imepanda vizuri, juu imeiva rangi ya udongo wa kwetu, na mama alipoigonga kwa kidole alifumba macho akashukuru Mungu. Mchana tulianza kufungasha. Nilivuta sanduku chini ya kitanda kutoa gauni langu la Krismasi, la manjano, ambalo nilikuwa nimelijaribu mara nyingi kuliko nilivyoruhusiwa. Pindo lake lilikuwa limetafunwa.

Nilipiga kelele. Mama alikuja akalishika, akaingiza kidole kwenye tundu, akamtazama cucu. Na cucu, ambaye aliliona kwa kulipapasa, alicheka mpaka akakohoa.

"Si niliwaambia? Wamekuja haraka kuliko polisi!"

Mama naye akacheka. Mimi nililia kwanza, kisha nikacheka pia, na ninakumbuka vizuri ile nafuu iliyoniingia kifuani. Nilijua tulikuwa tumefanya vibaya. Sasa tulikuwa tumeshaadhibiwa, na adhabu yenyewe ilikuwa pindo la gauni. Mama alikata lesi kwenye pazia kuukuu, akaishona pale palipotafunwa, na gauni likawa zuri kuliko awali.

Baba alipofika na gari, tulitoka na mizigo. Ilibidi tupite mbele ya mlango wa Nekesa. Mama alikuwa amekumbatia keki ndani ya karai iliyofunikwa kitambaa. Aliweka kidole mdomoni, akaniashiria nikanyage polepole. Tulipita mlango ule kama wezi. Hatukujua kwamba ndani hapakuwa na mtu tena.

Tetu ilikuwa Tetu ya Krismasi, yenye moshi wa nyama na watoto wengi kuliko vikombe. Shangazi mkubwa aliizunguka keki, akainama akainusa. Mwishowe aliuliza, "Hii umeokaje?" na mama akamweleza habari ya mchanga na makaa kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo kwa watu wale. Nilijivunia mama yangu siku hiyo. Sijaacha kujivunia hilo, na hapo ndipo panaponisumbua, kwa sababu siwezi kuitoa furaha ile katika yale mengine. Kabla watu hawajamaliza, mama alikata kipande kikubwa akakifunga kwenye karatasi. "Hiki ni cha jirani," alisema.

Tuliporudi Mukurwe-ini, mlango wa Nekesa ulikuwa na kufuli. Mzee Gathogo, aliyetunza ploti, alikuwa akifagia uani. Mama alimwuliza, kipande cha keki kikiwa mkononi.

"Huyo bibi ya afande? Ako hospitali, Nyeri," alisema. "Alijifungua usiku wa kuamkia Krismasi. Lakini mtoto hakukaa. Ati alifika huko kama amechelewa."

Nyuma yetu cucu alisema, kwa sauti ndogo, "Niliwaambia." Safari hii hakuna aliyecheka.

Kile kipande kiliwekwa juu ya kabati, na hakuna aliyethubutu kukila wala kukitupa. Mimi nilikuwa nimeelewa sasa mwisho ambao cucu hakuwahi kuusema. Tulimnyima keki, na keki ikamchukulia mtoto. Nilipowaona watoto wengine uani niliwaza kwamba wao hawajaua mtu.

Nekesa alirudi baada ya mwaka mpya. Mama alipika uji, akautia kwenye chupa, akanishika mkono tukaenda. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga leso kifuani, na chumba chake kilikuwa kimefagiliwa sana. Mama alimpa pole. Alisema zile pole zote ambazo watu husema, akamimina uji. Nekesa alishika kikombe bila kunywa.

"Ilianza asubuhi," alisema. "Nikasema hii si tumbo ya kawaida. Nikasema wacha niende kwa Mama Wangari, yeye amezaa, yeye atajua. Anisindikize tu mpaka zahanati. Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu."

Wangari ni mimi. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mguu wa mama, na niliuhisi mguu ule ukikauka.

"Nikakuta haupo. Nikajikokota mpaka zahanati nikapata wamefunga, sikukuu. Nikakaa stendi nikingoja gari. Magari yalikuwa yamejaa, yote yanapita. Nilipofika Nyeri daktari akaniambia, mama, ungekuja mapema kidogo."

"Pole sana, Nekesa," mama alisema.

Nilingoja aseme kingine. Nilingoja aseme alikuwepo. Uji ulikuwa ukitoa mvuke kati yao. Nekesa aliinua macho, hakumtazama mama, alinitazama mimi, na hakukuwa na hasira usoni pake.

"Hata hivyo harufu ya keki ilikuwa nzuri," alisema.

Kisha akanywa uji.

Hakuwa amekuja kwa sababu ya keki. Alikuja kwa sababu alihitaji mtu, na sisi tulikuwa nyuma ya mlango tukibishana kuhusu kipande. Cucu alipoambiwa, hakubadilika. Alisema ni yale yale, kwamba tungefungua, na mpaka anazikwa aliamini kwamba harufu ndiyo iliyofanya. Nilipofika sekondari nilijifunza mambo ya uzazi, nikajua kwamba hakuna mtoto anayekufa kwa sababu mama yake alinyimwa keki. Nilitarajia kupona. Badala yake niliumwa upya, kwa sababu ile imani ilikuwa imenifunika. Mtoto anayedhani ameua kwa keki anaweza kumlaumu panya, au miiko, au cucu. Imani ilipoondoka niliachwa na mlango, na mwanamke mwenye jasho mdomoni, na neno soko.

Na nikitafakari zaidi, naona cucu alikosea kuhusu panya lakini kuhusu mlango hakukosea. Laiti tungemtii, hata kwa ujinga, mama angefungua, angemwona. Mama alikuwa amezaa. Angejua kwa kumtazama tu.

Kabla ya mvua za masika mumewe alihamishwa, lori likaja kubeba vitu vyao. Mimi nilikuwa shuleni siku hiyo. Niliporudi nilikuta chumba kimefunguliwa na Mzee Gathogo akipaka kuta chokaa.

Sasa naishi Nyeri mjini, nina oveni ya gesi, na Krismasi ikikaribia huoka kama watu wengine. Desemba iliyopita mama alikuja kukaa nami. Nilikuwa nikichanganya unga naye ameketi mezani akivunja mayai, na sijui ni nini kilinisukuma, maana jambo lile hatukuwa tumelitaja miaka yote hiyo. Nilimwuliza kama huwa anamkumbuka Nekesa.

Alivunja yai lingine, akatoa kipande cha ganda kwa ncha ya kidole.

"Nilimwambia," alisema.

"Ulimwambia nini?"

"Siku ya lori. Nilimwambia nilikuwa ndani. Nilimwambia ni mimi nilikutuma."

"Akasema?"

"Akasema alijua. Alinisikia nikinong'ona." Mama alichukua yai lingine. "Kisha akaniambia nimshikie kamba, walikuwa wanafunga godoro. Nikamshikia. Tukafunga mpaka ikakaza, akapanda, wakaenda."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilifurahi kwa ajili ya mama. Nasema kweli, nilifurahi. Lakini pia nilihisi nimeachwa, kama mtu aliyefika stendi akakuta gari limeshaondoka na wenzake. Mama aliniona.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Hakuwa na neno na wewe."

"Najua, mama."

Aliyajua aliyoyasikia mlangoni, na bado aliniita mum. Huenda hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwangu, na mimi nilikuwa mdogo mno kulipokea. Huenda pia halikuwa jibu, yalikuwa mazoea tu ya ulimi wa mwanamke mpole aliyekuwa na uchungu. Sina mtu wa kumwuliza. Mama alinisogezea bakuli la mayai, nikayamimina, nikaendelea kukoroga.