Bonde Nililoyachagulia Malori

Ndugu zangu, aibu hii naitoa mwenyewe kabla shemeji Tomasi hajawatolea, maana yeye huongeza chumvi, na hapa chumvi imeshajaa: mimi, mjumbe wa kamati ya barabara, nilikokotwa kwa miguu, bila suruali, mbele ya wajumbe wote, asubuhi kweupe.

Miaka ile malori ya kutoka Sake yalilala kwenye kona bila taa, na wenye baiskeli walikuwa wakiyagonga gizani, mpaka kamati ikaambiwa ichague mahali pa kuyaegesha usiku. Papa Anselmi, mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo (na mshindani wangu wa sabuni na chumvi), alitaka kituo kiwe juu, jirani na duka lake. Mimi nikataja bonde dogo katikati ya mawe ya volkano, tambarare, lisilo na upepo.

Papa Anselmi akasema polepole, "Papa Gaspari, pale iko mazuku."

(Mazuku ni ile hewa mbaya inayotuama mashimoni, haina rangi, na aliyelala humo haamki.)

"Iko mazuku, ama iko duka yako?" nikamjibu, watu wakacheka, na kwa kicheko hicho nikashinda kura. Nikajiona mwamba.

Sasa kamati yetu ilikuwa na desturi: aliyependekeza mahali lazima achinje na ale palepale kwanza, ndipo alama ya barabara isimikwe. Na shemeji Tomasi, ndugu wa mke wangu, ndiye aliyepangiwa kulala pale usiku wa siku hiyohiyo ya kuchinja, na lori lake la maharagwe.

Basi asubuhi nikateremka na mbuzi wangu, nimevaa suruali ya harusi, wajumbe wamebaki ukingoni (eti wanangoja niwakaribishe). Hapakuwa na upepo hata kidogo. Hapakuwa na ndege wala panzi. Nikawasha kiberiti nikiwa nimesimama, kikawaka vizuri, nikakishusha kwenye kuni, kikazimika kama kilichopulizwa na mtu. Nikajaribu tena, kikazimika palepale, usawa wa goti. Nikaitazama njia ya kurudi, lakini ningewezaje kupanda juu huku Papa Anselmi ananitazama?

Halafu mbuzi akapiga magoti, akalaza kichwa taratibu, bila kulia.

"Amechoka na safari!" nikapaza sauti, nikainama kumwinua.

Sikuinuka. Nikasikia mama yangu (aliyezikwa zamani, kule Rutshuru) akiniita kwa upole, "Gaspari, lala, mutoto yangu," na nilifurahi jamani, nilifurahi sana, na furaha ile ndiyo inayonitisha mpaka leo.

Nyuma ya sauti ya mama nikasikia ya Papa Anselmi: "Mufunge pumzi! Mumukamate miguu!" Alikuja yeye mwenyewe, akavuta, suruali ikamfuata peke yake, akarudi tena akanivuta mimi. Nilipozinduka ukingoni, matako juu ya mawe, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeinuliwa, na nilikuwa nikisema, "Napiga kura! Bonde!"

Kamati ikaangua kicheko mpaka machozi. Papa Anselmi akanifunika kwa koti lake, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mmoja tu hakucheka. Shemeji Tomasi alikuwa amekuja kuangalia pa kulala, mkeka uko kwapani. Alimtazama mbuzi kule chini, akautazama mkeka wake.

"Shemeji," akaniambia, "mimi huwa ninalala kifudifudi."

Nililia mbele ya watu wote, aibu hiyo pia niliitoa bure.

Kituo kikajengwa kwa Papa Anselmi, kura yangu ikiwa ya kwanza. Pale bondeni iliwekwa alama ya hatari, lakini madereva hawaisomi, wao wanapaita Kwa Gaspari, na wakipita hupunguza mwendo na kuvua kofia, wageni wakidhani nimezikwa pale. Nami nikipita navua yangu. Ikianguka, wallahi, siinami kuiokota.