Vidonge vya Ummy vyapanda Uru

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Ndani ya duka la dawa mtaani Njoro, mjini Moshi, Ummy Seleman anafunga mkanda wa mashine ya presha kwenye mkono wa Bibi Margareta Valerian na kumwomba anyamaze kidogo.

"Ninyamaze, na moyo uko hapa kooni?" anauliza bibi huyo wa miaka 71, aliyeshuka kutoka Uru.

"Ndiyo maana, bibi. Ukiongea, inapanda."

Pembeni amesimama Doris, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa ya kina Margareta, simu mkononi. Huko mlimani, wazee kumi na wanane wenye presha wanasubiri jibu. Walikubaliana kwamba vidonge vya bei ya chini vikimfaa Margareta, nao watavinunua. Visipomfaa, kila mtu abaki na dawa yake, akiweza kuinunua.

Ummy, mwenye miaka 34, ni fundi dawa. Kwa miaka tisa amewaona wazee wakiingia na boksi tupu la bluu. "Nipe kama hii," husema. Dawa hiyo ni shilingi 24,000 kwa mwezi. Nyingine yenye kiambato kilekile, iliyosajiliwa pia na ambayo madaktari huiandika vilevile, ni shilingi 5,000. Hawaitaki.

"Wanasema rahisi ni dhaifu," anaeleza Ummy. "Basi wananunua ya bluu, halafu wanameza siku moja, wanaruka siku mbili, ili ifike mwisho wa mwezi."

Margareta alikuwa mmoja wao. Hutegemea ndizi na kahawa kidogo, na aliwahi kuuza kuku wawili ili apate boksi la bluu. Mwezi uliopita, Ummy alipomwekea vidonge vya shilingi 5,000 mezani, bibi alivisukuma.

"Nilimwita mwizi," anakiri Margareta, akijifunika uso kwa kanga. "Mbele ya watu! Nikamwambia amenisagia chaki."

Ummy hakumjibu kwa ukali. Alimvutia kiti, akampa maji, akaweka maboksi mawili sambamba na kumwonyesha jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kiwanda. Lilikuwa lilelile. Bibi aliondoka amenuna. Lakini daktari wa zahanati alipomweleza hivyohivyo, aliamua kujaribu mwezi mmoja, bila kuruka hata siku.

"Niliwaambia wenzangu, mimi nimeishi vya kutosha, acheni nianze mimi," anasema.

Mashine inalia. Ummy anatazama, kisha anaigeuza ili bibi aone mwenyewe. Mwezi uliopita ilisoma 178 kwa 104. Leo ni 134 kwa 82.

"Imeshuka?" anauliza Doris.

"Imeshuka!"

Doris anapiga kelele mpaka mteja mlangoni anaruka. "Mashine yako nzima kweli?" anauliza Margareta. Ummy anacheka, anampumzisha dakika tano, anampima tena. Jibu ni lilelile.

"Si kwamba hii ina nguvu kuliko ya bluu, bibi," anamwambia taratibu. "Dawa ni moja. Tofauti ni kwamba sasa unaimeza kila siku."

Margareta anaingiza mkono kwenye kikapu, chini ya ndizi alizomletea, na kutoa jani refu la kijani. Ni isale, jani ambalo Mchagga hulibeba kumwomba radhi mtu aliyemkosea. Anayepewa hakatai kusamehe.

"Nilikuwa nimelificha," anasema. "Mashine ingekataa, ningerudi nalo."

"Kumbe ulikuja na msamaha wa masharti!" anadakia Doris.

Ummy, aliyezaliwa Njoro katika familia ya Kiislamu, analijua jani hilo vizuri. Analipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. "Shikamoo tena, bibi. Yameisha."

"Marahaba, mwanangu. Aika," anajibu Margareta, akishukuru kwa Kichagga.

Mwenye duka, Anwar Mudrik, anakiri kwamba boksi la bluu lilimpa faida kubwa zaidi. "Nilimwambia Ummy, utanifungia duka. Akanijibu, mzee anayeshindwa kununua hatarudi." Sasa ameongea na muuzaji wa jumla: wazee hao wakiagiza pamoja, kila mmoja kwa cheti chake cha daktari, bei itashuka hadi shilingi 3,500.

Ummy anataka kupanda Uru kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia kesho, baada ya misa, akiwa na mashine na dawa, ili mzee asilipe nauli kufuata kidonge. Baadaye afanye hivyo Rau, na siku moja Tarakea.

Doris tayari yuko kwenye simu. Sauti za kina mama zinasikika zikishangilia upande wa pili, zote kwa pamoja.

"Kesho!" anawaambia. "Anakuja kesho! Vyeti mkononi, na chai mnywe baada ya kupimwa. Na wewe uliyemsaidia Margareta kumwita Ummy mwizi, shambani kwako isale ipo?"